Neno "Shekina": Maana Yake, na Jinsi Litumiwavyo

Liko neno moja la Kiyahudi ambalo siku hizi limeenea sana katika nchi zetu. Twaliona limeandikwa juu ya milango ya makanisa, twalisikia katika majina ya kwaya, na wahubiri hulitaja kwa sauti kuu, hasa wanapomwomba Mungu aonyeshe nguvu zake. Neno lenyewe ni Shekina. Ukimwuliza mtu maana yake, mara nyingi atakujibu kwamba ni utukufu wa Mungu ung'aao. Mwingine atasema ni moto, au ni wingu, au ni nguvu ishukayo juu ya watu wakati wa sala. Na ukiuliza limeandikwa wapi, wengi watakuambia bila kusita kwamba limo katika kitabu cha Kutoka.

Basi, je, limo? Halimo. Mtu akiisoma Biblia yote ya Kiebrania tangu mwanzo hata mwisho, hatalikuta jina hili hata mara moja, wala halimo katika Agano Jipya la Kiyunani. Neno Shekina ni la walimu wa Kiyahudi walioishi baada ya manabii, na baadaye likawa mojawapo ya maneno makuu ya wale wachunguzi wa siri za Mungu waitwao watu wa Kabala. Si neno baya kwa sababu hiyo. Hata neno Utatu halimo katika Biblia, na Wakristo hulitumia. Lakini mwenye kuazima chombo cha jirani yampasa ajue ni cha nani, na kilikuwa kikifanya kazi gani nyumbani kwa mwenyewe. Sisi twaona ya kuwa neno hili limeazimwa likageuzwa, na katika kugeuzwa limepotewa na sehemu yake iliyo bora.

Tuanze na shina lake. Katika Kiebrania liko tendo shakan, maana yake kukaa, kutua, kufanya makao mahali. Kutoka tendo hilo limepatikana jina mishkan, ndilo jina la ile hema ambayo Musa aliamriwa kuijenga jangwani. Wasomaji wetu hawana haja ya kwenda mbali ili kulitambua, kwa maana ndugu yake tunaye nyumbani: ni neno letu maskani, tulilolipata kwa Waarabu, ambao lugha yao na Kiebrania ni watoto wa ukoo mmoja. Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, ile ya Muungano, yatumia neno maskani katika Kutoka sura ya 25. Na kwa kufanya hivyo imeweka mbele ya msomaji wa Kiswahili herufi zile zile tatu, sini na kafu na nuni, alizozisikia msomaji wa Kiebrania. Hapa tukumbuke ubishi wa zamani. Karl Roehl, aliyetoa Biblia yake ya Kiswahili mwaka 1937, alitaka kuyapunguza maneno ya Kiarabu ili lugha iwe ya Kibantu zaidi. Nia yake twaifahamu, wala hatuidharau. Ila neno hili laonyesha ya kuwa ufagio wa namna hiyo hauna macho, maana pengine neno la Kiarabu liondolewalo ndilo lililo karibu kuliko yote na lile la manabii.

Kwa shina hilo hilo Waebrania humwita jirani shakhen, yaani akaaye karibu nawe. Waarabu nao wana neno sakina, utulivu. Limo katika Kurani, sura ya 2, penye habari za sanduku la Waisraeli, na watu wa pwani yetu huwapa binti zao jina hilo. Mtu asidhani, hata hivyo, ya kuwa neno maskini nalo ni la ukoo huu kwa sababu ya kufanana sauti. Wanazuoni wa Kiarabu wa zamani walidhani hivyo, lakini wachunguzi wa lugha hulirudisha neno maskini kwenye muškēnu, neno la kale la watu wa Babeli. Sauti hudanganya.

Sasa na tuitazame ile amri yenyewe katika Kutoka 25, aya ya 8. Mungu aagiza wamfanyie patakatifu, na sababu yake ni ili apate kukaa kati yao. Wafafanuzi wa Kiyahudi wamesimama sana hapa, nao wamestahili kusimama. Hakusema akae ndani yake, yaani ndani ya ile nyumba. Alisema kati yao, yaani kati ya watu. Nyumba ni ya kujengwa kwa mbao za mshita na kwa mapazia, lakini makao yenyewe ni katikati ya jamaa waliochoka na njia, wenye kunung'unika, ambao punde tu watafanya ndama ya dhahabu. Hilo ndilo wazo ambalo baadaye lilipewa jina la Shekina. Kwa hiyo maana ya kwanza ya neno hili si kung'aa hata kidogo. Ni kukaa.

Basi ule utukufu ung'aao ulitoka wapi? Kiebrania kina neno jingine la utukufu, nalo ni kavod, ambalo asili yake ni uzito. Wingu lilipoifunika hema, kama tusomavyo mwisho wa Kutoka, kilichoijaza ni kavod. Tena mwalimu wa kwanza tumjuaye kwa jina la Onkelos, ambaye jina lake limeshika tafsiri mashuhuri ya Torati katika lugha ya Kiaramu, aliyatenganisha mambo haya. Penye utukufu aliandika neno la Kiaramu la utukufu. Penye kukaa kwa Mungu aliandika kwamba Mungu ataikalisha Shekina yake kati ya watu. Alifanya hivyo kwa heshima, asije mtu wa kawaida akawaza ya kuwa Mungu ana mwili na hutandikiwa mkeka kama sisi. Basi Shekina ilikuwa kwanza ni njia ya adabu ya kusema jambo la ajabu, kwamba Yeye asiyetoshewa na mbingu yu karibu. Twasema "utukufu wa Shekina" kama kwamba ni kitu kimoja, kumbe tumefunga pamoja maneno mawili ambayo mfasiri huyo aliyaweka mbali.

Hata hivyo tusiwaonee wasemao kwamba Shekina ni nuru. Wanao wazee wa kuwatetea. Saadia, mwalimu mkuu wa Wayahudi wa Babeli aliyefariki mwaka 942, alifundisha kuwa kile walichokiona manabii ni nuru iliyoumbwa na Mungu ili iwe ishara kwao. Na Musa bin Maimuni, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, aliifuata njia hiyo. Hao waliogopa sana kumpa Mungu umbo. Lakini Musa bin Nahmani wa Gerona, aliyezaliwa mwaka 1194, aliwapinga kwa hoja ambayo mpaka leo ina makali: kama Shekina ni kitu kilichoumbwa, basi mtu aombaye mbele yake anakiomba kiumbe, na hiyo ni ibada ya sanamu. Msomaji na aipime hoja hiyo polepole, maana yawagusa hata wale wa siku zetu wanaoutafuta mwanga wenyewe kuliko Mwenye mwanga.

Turudi kwa walimu wa kale, wale ambao maneno yao yalikusanywa katika Mishna, takriban mwaka 200, na katika Talmudi na vitabu vya mahubiri vilivyofuata. Kwa hao ndiko neno hili lilikokuwa na uhai, na sisi twakiri ya kuwa kila tusomapo habari zake twaona jinsi usemi wetu wa leo ulivyo mwembamba.

Itakumbukwa kwamba Hekalu la Yerusalemu lilichomwa na Warumi mwaka 70. Watu waliofundishwa tangu utoto kwamba Mungu hukaa pale sasa walitazama majivu. Swali lao halikuwa la kitabuni. Je, Mungu aliyekuwa akikaa humo amekwenda wapi? Walimu walijibu kwa neno hili. Rabi Shimoni bin Yohai alifundisha kwamba kila mahali Israeli walipohamishwa, Shekina ilihamishwa pamoja nao: walipokuwa Misri ilikuwa nao Misri, na walipokuwa Babeli ilikuwa nao Babeli. Hakusema iliwatazama kutoka mbinguni ikawahurumia. Alisema ilihamishwa. Ni neno litumikalo kwa mateka.

Na katika kitabu cha mafafanuzi ya Maombolezo liko fundisho jingine ambalo sisi walimu wa watoto twalipenda kuliko yote. Yasemwa kwamba wazee wa baraza walichukuliwa utumwani, na Shekina haikwenda. Zamu za makuhani zikachukuliwa, nayo haikwenda. Lakini watoto walipochukuliwa, ndipo Shekina ilipoondoka ikaenda pamoja nao. Tazama utaratibu huo! Mtu angedhani Mungu angewafuata waamuzi na makuhani kwanza, wenye elimu na mavazi. Mwalimu yule aliona vingine.

Pengine Shekina huonekana katika mambo madogo zaidi. Rabi Hanania bin Teradioni alisema kwamba watu wawili wakiketi pamoja na maneno ya Torati yakiwa kati yao, Shekina i kati yao. Wawili tu, hakutaka mkutano wala ngoma. Wakristo wasomapo hilo watakumbuka Mathayo 18, aya ya 20, na wataona jinsi mawazo ya nyumba hizi mbili yalivyo jirani. Lakini twataka wasomaji wajue pia mwisho wa mtu huyo. Zamani za Kaisari Hadriani, Warumi walipokataza kufundisha Torati, yeye aliendelea kufundisha mbele za watu. Na Talmudi yasimulia kwamba alichomwa moto akiwa amevingirishwa katika gombo la Torati. Huyo ndiye aliyetupa moja ya semi zinazokumbukwa sana juu ya Shekina. Mtu akikuambia kwamba dalili ya Shekina ni mafanikio na afya na gari jipya, mwulize amweke wapi Hanania bin Teradioni.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa. Talmudi yafundisha kwamba mtu aendaye kumtazama mgonjwa asiketi juu ya kitanda, bali ajifunike nguo kwa heshima na kuketi mbele yake, kwa sababu Shekina iko juu ya kichwa cha mgonjwa. Yaani mgeni aingiapo katika chumba kile chenye harufu ya dawa na jasho yampasa kuwa na adabu ya mtu aingiaye patakatifu. Na Rabi Meiri alikwenda mbali kuliko hapo. Alipofundisha habari za mtu aliyehukumiwa kufa kwa kosa lake, alisema kwamba wakati mtu huyo anapoteseka Shekina hulalamika ya kuwa kichwa chake na mkono wake vimeelemewa. Kisha akaongeza kuwa kama Mungu huumia hivyo kwa damu ya waovu, si zaidi sana kwa damu ya wenye haki? Hatujui fundisho lililo gumu kulisema mbele ya watu kuliko hilo, maana sisi sote hupenda Mungu awe upande wa wapiga mawe.

Rabi Akiba naye alisema juu ya ndoa: mume na mke wakistahili, Shekina i kati yao, wasipostahili, moto huwala. Wafafanuzi wameonyesha mchezo wa herufi uliomo. Katika Kiebrania mume ni ish na mke ni isha. Kila mmoja ana herufi moja ambayo mwenziwe hana, na herufi hizo mbili pamoja ni mwanzo wa Jina la Mungu. Ziondoe, na kitakachobaki kwa mume ni esh, na kwa mke ni esh, maana yake moto na moto. Mchezo wa herufi ni mchezo tu, lakini huu una mafuta ndani yake.

Wapo waliouliza, kama Shekina iko penye kila kundi la watu kumi waombao, je, ziko Shekina ngapi? Rabani Gamalieli aliulizwa hivyo na mpinzani, naye akamwonyesha jua lililokuwa limeingia nyumbani mwake. Jua ni moja, nalo laingia nyumba zote. Basi si ajabu kwa Aliyeliumba.

Mpaka hapo Shekina si mtu wa pili, wala si malaika, wala si mke wa mtu. Ni Mungu mwenyewe atajwapo kwa upande wa kukaa kwake karibu. Ni kweli kwamba katika sarufi ya Kiebrania jina hili ni la kike, kama vile majina mengi yasiyo na jinsia yoyote yalivyo ya kike katika lugha hiyo. Gershom Scholem, aliyefariki mwaka 1982, ambaye aliyasoma maandiko ya Kabala kwa bidii kuliko wengi wa karne yake, alisisitiza ya kuwa katika Talmudi hatuoni bado mtengano wowote kati ya Mungu na Shekina yake.

Mtengano huo ulikuja na watu wa Kabala. Neno kabala lenyewe maana yake ni kilichopokelewa, na shina lake ndilo lililotupatia sisi, kwa njia ya Kiarabu, tendo kubali. Mwishoni mwa karne ya 12 katika kusini ya Ufaransa kilionekana kitabu kiitwacho Bahir. Na mwishoni mwa karne ya 13, katika Kastilia ya Hispania, kikatokea kitabu kikubwa cha Zohar, kilichoandikwa kwa Kiaramu na kutajwa kuwa ni cha yule Rabi Shimoni bin Yohai wa kale, ingawa wachunguzi wengi wa leo huona ndani yake mkono wa Musa wa León, aliyefariki mwaka 1305, pamoja na wenziwe. Humo twafundishwa kwamba Mungu katika uficho wake hana jina wala mwisho, lakini hujidhihirisha kwa njia kumi, zinazoitwa sefiroti. Ya kumi, iliyo chini na karibu na ulimwengu wetu, ni Shekina. Huitwa pia Malkhut, yaani ufalme. Na hapo msomaji atasikia mwangwi wa neno letu malkia. Huitwa bibi arusi, na binti wa mfalme, na mwezi, kwa sababu mwezi hauna mwanga wake wenyewe bali hupokea wa jua. Wasemao kwamba Shekina ni kung'aa wangeshangaa kusikia kwamba kwa Zohar ni yeye asiye na nuru ya kwake.

Na uhamisho je? Hapa ndipo penye ujasiri wa watu hao, na penye hatari yao. Walimu wa kale walisema Shekina imehamishwa pamoja na watu. Watu wa Kabala walisema kwamba kwa dhambi ya wanadamu Shekina imetengwa na Mfalme wake. Uhamisho umeingia katika mambo ya Mungu mwenyewe. Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, na wengi wakatangatanga baharini na nchi kavu. Na katika karne iliyofuata mji mdogo wa Safed, katika Galilaya, ulikusanya watu waliolishika fundisho hilo kama mtu ashikavyo kamba kisimani. Huko alifundisha Musa Kordovero, na baada yake Isaka Luria, aliyefariki mwaka 1572 akiwa na miaka 38 tu. Huko watu walitoka kwenda mashambani jioni ya Ijumaa kuilaki Sabato kama bibi arusi, na wimbo aliotunga Shlomo Alkabetz kwa ajili ya saa hiyo huimbwa katika masinagogi duniani kote mpaka leo. Tena ilienea desturi ya kusema, kabla ya kutenda tendo la Torati, kwamba lafanywa ili Mtakatifu na Shekina yake waunganishwe. Mtu maskini atoaye senti yake kwa ombaomba aliambiwa ya kuwa kwa tendo hilo anasaidia kuponya jeraha lililo mbinguni.

Sisi twasema nini juu ya hayo? Wazo la kwamba tendo dogo la mtu mdogo lina uzito mbinguni ni zuri, na watu walionyang'anywa kila kitu walipata humo sababu ya kuinua vichwa. Lakini kumgawa Mungu katika mfalme na malkia, kisha kuwaunganisha kwa sala zetu, ni kutembea ukingoni mwa shimo. Wala si sisi wageni tulio wa kwanza kuliona hilo. Ezekieli Landau, rabi mkuu wa Praha, aliyefariki mwaka 1793, aliipinga desturi ile ya maneno ya kuunganisha kwa ukali mwingi, akaona afadhali watu watende amri kwa unyofu bila kudai kujua yanayopita mbinguni. Basi mtu asilitumie neno Shekina kana kwamba Wayahudi wote hulielewa namna moja. Wamebishana juu yake miaka elfu na zaidi.

Katika nusu ya mwisho ya karne ya 20 wako waandishi, hasa wa Marekani, waliolichukua neno hili kuwa jina la mungu wa kike aliyesahauliwa. Raphael Patai, katika kitabu chake cha mwaka 1967, aliijenga hoja ya namna hiyo kwa ufundi mkubwa. Sisi hatukushawishika. Hoja hiyo huanza na Zohar na kurudi nyuma, ikiwavika walimu wa kale nguo ambazo hawakuzishona.

Lakini kosa hilo halituhusu sana vijijini kwetu. Letu ni jingine, nalo ni zito zaidi kwa sababu lina watu ndani yake. Tumesikia ikihubiriwa kwamba penye Shekina hapana ugonjwa, hapana njaa, hapana machozi. Na kwamba mtu akiwa katika dhiki ya muda mrefu, yumkini Shekina imemwacha. Fikiri maana ya maneno hayo kwa mama aketiye na mtoto mwenye homa usiku wa tatu. Ameambiwa, kwa neno la kigeni lenye fahari, kwamba Mungu ameondoka nyumbani mwake. Na neno lenyewe, katika vinywa vya wale waliolitunga, lilikuwa likisema kinyume chake kabisa: kwamba Yuko juu ya kichwa cha mtoto yule, na mgeni aingiaye ajifunike nguo. Hatudhani wahubiri hao wana nia mbaya. Wamelipokea neno kutoka vitabu vya watu wa Ulaya na Marekani, ambao nao walilipokea likiwa limekwisha kupakwa dhahabu, na hakuna aliyewaambia lilikotoka.

Kosa jingine ni kusema kwamba Shekina "huitwa" au "hushushwa" kwa kuimba muda mrefu. Ni kweli walimu walisema ya kuwa Shekina haitui juu ya mtu penye huzuni, wala penye uvivu, wala penye mzaha, bali penye furaha ya kutimiza amri. Lakini furaha ya kutimiza amri si sawa na kelele. Hata Musa alipoijenga hema hakuiita Shekina. Alipima mbao, akapanga vitako, na kazi ilipokwisha wingu likaja lenyewe.

Yabaki swali la mfasiri: tuliseme vipi kwa Kiswahili? Wengine husema "uwepo wa Mungu". Neno hilo laeleweka, lakini twaliona baridi kidogo, maana hata kiti kina uwepo wake chumbani. "Utukufu" tumekwisha kuonyesha kuwa ni neno jingine. "Maskani" ni ndugu wa damu, lakini ni mahali, na Shekina si mahali. Ni kule kukaa kwenyewe. Kwa maoni yetu lifaalo kuliko yote ni lile la kila siku ambalo hatulitazami kwa sababu ya uzoevu, yaani kukaa. Waebrania wana tendo la kuketi na tendo la kufanya makao; Kiswahili chetu huyabeba yote mawili katika neno moja. Twamwambia mgeni akae, maana yake aketi. Twauliza fulani akaa wapi, maana yake kwao ni wapi. Na jirani akija msibani twasema alikaa nasi, hata kama hakusema neno. Hiyo ya tatu ndiyo hasa Shekina. Biblia ya Muungano yatumia neno hilo hilo katika Yohana sura ya 1, aya ya 14, ambapo Kiyunani kina tendo la kupiga hema. Na katika Ufunuo sura ya 21 yataja maskani ya Mungu kuwa pamoja na wanadamu. Wayahudi na Wakristo hawaelewani juu ya Yeye aliyetajwa na Yohana, wala hatupendi kuuficha mtengano huo. Ila msamiati ni wa hema moja.

Mwenye kutaka kulitumia neno lenyewe la Kiebrania na alitumie, mradi aseme ni la walimu wa Kiyahudi na aeleze maana yake. Na kwa kuliandika, sauti ya katikati si ya k kavu kama ilivyo katika "kaka", bali ni ya koo, kama wazee wa pwani watamkavyo "kheri". Kwa hiyo aandikaye Shekhina hajakosea. Aandikaye Shekina vilevile hajakosea, kwa kuwa midomo mingi ya bara haina sauti hiyo.